Fizikia kwa aliyeiacha kidato cha pili: tuanzie jikoni, tusianzie kwenye toroli

Mwanzisha uzi

Ndugu wasomaji, nawasalimu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Fizikia ya mwanzo kwa watu wazima ambao hawakusoma sayansi: makarani, walimu wa Historia na Kiswahili, pamoja na vijana wa vyuo ambao masomo yao yanawataka wafaulu angalau somo moja la sayansi. Karibu wote waliiacha Fizikia walipomaliza kidato cha pili, na ninapowauliza wanachokikumbuka hunitajia toroli linaloteremka kwenye ubao, utepe wenye vitone, na kanuni tatu za Newton walizozikariri usiku wa kuamkia mtihani. Nimefungua uzi huu kutetea jambo moja ambalo nimelishuhudia darasani mara nyingi, kwamba mtu wa namna hiyo akianza na joto badala ya mwendo, somo linamwingia, kwa sababu tangu utotoni amekuwa akichemsha, akipoza, akifunika na kuanika, na kinachomkosesha ni maneno mawili tu ambayo hajawahi kuyatenganisha.

Maneno yenyewe ni joto na halijoto. Katika mazungumzo ya kila siku neno joto linabeba mizigo yote miwili: leo kuna joto, mtoto ana joto, maji yana joto. Katika Fizikia, halijoto ni kile kinachosomwa kwenye kipimajoto, yaani kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu, ilhali joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda kwenye chenye halijoto ndogo. Joto hupimwa kwa jouli, halijoto kwa nyuzi. Asiyezitenganisha dhana hizi atasumbuka na kila sura inayofuata, na anayezitenganisha ataona mambo mengi ya nyumbani kwake yakijieleza yenyewe.

Somo la kwanza hulitoa kama kazi ya nyumbani. Weka usiku, juu ya meza moja ya jikoni, sufuria tupu ya alumini na kibao cha mbao cha kukatia mboga. Alfajiri, kabla moto haujawashwa, gusa kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono mwingine. Kila mwanafunzi wangu amerudi akisema sufuria ni ya baridi kuliko kibao. Nikimpa kipimajoto akapime, anakuta vyote viwili viko sawa, kwa mfano nyuzi 20, kwa kuwa vimelala usiku kucha katika chumba kimoja. Sasa mkono umemwambia nini? Ngozi ya kiganja ina nyuzi zaidi ya 30, kwa hiyo inapogusa kitu cha nyuzi 20 inapoteza joto, na alumini hulipitisha joto hilo zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, hivyo joto la kiganja linasambaa haraka kwenye sufuria nzima, wakati kwenye mbao linabaki palepale ulipogusa. Mkono haupimi halijoto, unapima kasi ya kupoteza joto. Mtu aliyelielewa jambo hili hahitaji kuambiwa kwa nini mwiko ni wa mti, wala kwa nini mpini wa sufuria ya chuma hufungwa kitambaa.

Mfano wa pili nimeuona karakana. Fundi anayekata chuma kwa grinda hurukiwa na cheche mikononi, naye anaendelea na kazi. Cheche hizo ni vipande vya chuma vyenye halijoto ya mamia ya nyuzi, na nyingine hupita 1,000. Fundi huyohuyo akimwagikiwa na kikombe cha chai ya nyuzi 90 ataumia vibaya. Halijoto ya cheche ni kubwa mno, lakini uzito wake ni mdogo kuliko punje ya mchanga, kwa hiyo joto inaloweza kumpa fundi ni dogo sana. (Macho ni habari nyingine, miwani ya kinga ivaliwe.) Chai ina halijoto ndogo kuliko cheche, lakini imebeba joto jingi, kwa sababu maji yana tabia ya kuhifadhi joto kuliko vitu vingi tulivyonavyo nyumbani: kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja tu kunahitaji jouli 4,200 hivi, wakati kilo moja ya chuma inahitaji 450 tu. Ninaomba tarakimu ya 4,200 ikumbukwe, kwa maana nitairudia.

Karibuni kwa maswali na hata kwa mapingamizi.

Mchangiaji kutoka Njombe

Mwalimu, shikamoo. Mimi nimezaliwa Tanga na nimeolewa huku Njombe. Maharage yaleyale ambayo kwa mama yangu yalikuwa yakiiva kabla ya adhuhuri, huku nayapika hadi mchana unapita, na ninaongeza mkaa ili yachemke kwa nguvu. Majirani wananiambia ni maji ya huku. Je, Fizikia inasemaje?

Mwanzisha uzi

Marahaba, dada. Maji ya huko yanaweza kuwa na mchango, kwa kuwa maji yenye chokaa nyingi huchelewesha maharage, lakini sababu ambayo hutaikwepa hata ukibadilisha kisima ni mwinuko.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kutosha kusukuma hewa iliyolala juu yake. Tanga mjini uko usawa wa bahari, juu ya sufuria ya mama yako kuna hewa yote iliyopo, na maji yanalazimika kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Njombe iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yote iliyo chini ya kimo hicho haiigandamizi tena sufuria yako, kwa hiyo mvuke unashinda mapema na maji yanachemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Hesabu ya haraka ni kwamba kila ukipanda mita 300 kiwango cha mchemko kinashuka kwa takriban nyuzi moja. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanatokota yakiwa na nyuzi 80 na kidogo, na maharage hayangeiva hata yangeachwa mchana kutwa.

Sasa angalia kile ambacho mkaa wa ziada unafanya. Maharage hayajui kama maji yanatokota kwa fujo au kwa utulivu, yanachojua ni halijoto, nayo ikishafika nyuzi 94 haipandi tena maadamu kuna maji kwenye sufuria isiyobana mvuke. Joto lote unaloliongeza baada ya hapo linafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali kupita watu wanavyodhani. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji jouli 336,000, yaani 4,200 mara nyuzi 80. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke, bila halijoto yake kuongezeka hata kidogo, kunahitaji jouli 2,260,000 hivi, karibu mara saba zaidi. Kiasi hiki huitwa joto fichi, kwa kuwa kipimajoto hakikioni. Kwa hiyo mkaa unaouongeza unaondoka na mvuke kupitia dirishani, halafu unaongeza maji, na maji hayo nayo yanadai kupashwa upya.

Ninachokushauri ni hiki. Yaloweke maharage usiku kucha. Yakianza kuchemka, funga kidirisha cha jiko mpaka ubaki mtokoto mdogo, funika sufuria kwa mfuniko unaokaa vizuri, na maji ya kuongeza yawe ya moto. Ukiweza kupata sufuria ya presha, hiyo ndiyo inayokurudisha Tanga na kukupita, maana inaubana mvuke hadi mgandamizo ndani yake unakuwa karibu mara mbili ya ule wa hewa ya pwani, na maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Magadi nayo hulainisha maharage, lakini hiyo ni kemia, tena hupunguza vitamini, kwa hiyo siyahesabu hapa.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Mwalimu, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Mimi nilisoma Historia, Jiografia na Uchumi, na sasa nimelazimika kusoma Fizikia ya msingi. Mhadhiri wetu anasema nishati haieleweki bila kazi, kazi haieleweki bila kani (yaani msukumo au mvuto), na kani haieleweki bila mwendo. Ukianza na sufuria, unaianza nyumba kwenye paa.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito, na mhadhiri wako yuko sahihi kuhusu mpangilio wa kanuni. Ninachopinga ni kudhani kwamba mpangilio wa kanuni lazima uwe ndio mpangilio wa kujifunza. Daraja kati ya joto na kazi lilijengwa kutokea pande zote mbili, na mtu aliyelijenga kwa uvumilivu mkubwa zaidi hakuwa profesa. James Prescott Joule alikuwa wa familia ya watengeneza bia wa Salford, karibu na Manchester, nchini Uingereza, na katika miaka ya 1840 alifunga vizito kwenye kamba, akaviacha vishuke polepole huku vikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akapima maji yamepata joto kiasi gani. Alichokuwa akikitafuta ni badiliko la sehemu ndogo ya nyuzi moja, na alilipata, akalirudia mpaka akaridhika kwamba kiasi kilekile cha kazi huzaa kiasi kilekile cha joto.

Ninalifundisha jambo hilo kwa mifuko ya saruji, kwa kuwa kila mtu amewahi kumwona kibarua akipandisha saruji kwenye jengo. Mfuko mmoja una kilo 50. Kuupandisha mita 8.5, takriban kimo cha ghorofa ya tatu, ni kazi ya jouli 4,165 hivi, ukizidisha kilo 50 kwa 9.8 kwa 8.5. Linganisha na ile tarakimu niliyoomba ikumbukwe. Kazi nzima ya kuupandisha mfuko ule, ingegeuzwa yote kuwa joto, ingeongeza nyuzi moja kwenye lita moja ya maji. Ili lita hiyo ifike nyuzi 100 kutoka 20, unahitaji mifuko zaidi ya 80. Mwanafunzi akifika hapo, mwenyewe ananiuliza 9.8 imetoka wapi, na hapo ndipo ninapolileta toroli, akiwa sasa na sababu ya kulitazama.

Nikiendelea kidogo na saruji, uniti moja ya umeme unayoinunua kwa LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja, nayo ni sawa na jouli 3,600,000. Gawanya kwa 4,165 na utapata mifuko 864 ya saruji iliyopandishwa hadi ghorofa ya tatu. Mara ya kwanza nilipoandika jibu hilo ubaoni, mwanafunzi mmoja aliyewahi kubeba saruji alinyamaza, akaifanya hesabu upya kwenye daftari lake, akaniambia kwamba hajawahi kudhani umeme ni kitu cha bei nafuu kiasi hicho. Ndiyo maana pia vifaa vya kupasha joto, yaani pasi, jagi la umeme na hita ya maji ya kuogea, ndivyo vinavyomaliza uniti, wakati taa na redio hazina uzito mkubwa. Jagi la wati 2,000 likichemsha lita moja na nusu kutoka nyuzi 25 linahitaji jouli 472,500, linatumia dakika nne hivi, na linakula takriban sehemu moja ya nane ya uniti. Anayechemsha lita moja na nusu ili anywe kikombe kimoja amelipia vikombe sita.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Salaam, mwalimu. Bibi yetu hapa Dodoma hakubali friji, anasema maji ya mtungi yanatosha, na kweli ni baridi. Dada yangu alinunua mtungi wa namna hiyohiyo akaupeleka Unguja, analalamika kwamba maji hayapoi. Je, mtungi wake ni mbovu?

Mwanzisha uzi

Waalaikum salaam. Mtungi hauna kosa, kilichobadilika ni hewa.

Pitisha kidole nje ya mtungi wa bibi uliojaa na utaona kuna unyevunyevu, kwa sababu udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa una vitundu vidogo vinavyopitisha maji polepole. Maji hayo yakifika nje hugeuka mvuke bila kuchemka, na bei ya kugeuka mvuke ni ileile kubwa niliyoitaja kwenye maharage, ambayo hata huongezeka kidogo maji yanapokuwa ya uvuguvugu: gramu moja huchukua jouli 2,400 hivi. Jiko halipo, kwa hiyo joto hilo linatoka kwenye udongo na kwenye maji yaliyobaki ndani. Hebu tupige hesabu. Bilauri moja, yaani gramu 200, ikivukizwa kutoka mtungi wa lita 20, inachukua jouli 480,000, na lita 20 zinapungukiwa na karibu nyuzi 6. Hiyo ni kama hakuna joto linaloingia kutoka nje, na ndiyo sababu bibi huweka mtungi kivulini tena penye upepo. Kivuli kinazuia joto lisiingie, na upepo unaondoa hewa iliyoshiba mvuke ili hewa kavu ichukue nafasi yake.

Dodoma, hasa katika miezi ya kiangazi, hewa ni kavu na ina kiu ya mvuke. Unguja hewa imekwishashiba kutokana na bahari, mvukizo unakuwa wa polepole, na joto linaloingia linafidia lile linalotoka. Ndiyo maana pia nguo hukawia kukauka huko, na jasho halimpozi mtu, ingawa kipimajoto kinaweza kuonyesha nyuzi zilezile za Dodoma. Dada yako ajaribu kuuhamishia mtungi penye upepo wa bahari, ila asitegemee matokeo ya bibi. Na asiupake rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo, kwa maana rangi inaziba vitundu na mtungi unageuka kuwa ndoo nzito.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Nimekubali kuhusu saruji, mwalimu. Naomba nikuulize jambo moja ambalo mhadhiri wetu alilitaja kwa dakika mbili akaendelea: kijana aliyeitwa Mpemba na maji ya moto yanayoganda mapema kuliko ya baridi. Ni kweli au ni hadithi?

Mwanzisha uzi

Nashukuru umeuliza, kwa sababu swali lile lilizaliwa kwenye askirimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askirimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, na kuyaacha yapoe kwanza ndipo yaingizwe kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba naye akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta ya kwake yameganda, ya mwenzake yakiwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa kwamba amejichanganya.

Hakuliacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni Fizikia ya Mpemba, si Fizikia ya ulimwengu, maneno ambayo wenzake waliyageuza kuwa utani. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi sawa, kimoja kina nyuzi 35 na kingine 100, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Jambo hilo hadi leo linaitwa athari ya Mpemba.

Je, ni kweli? Hapa lazima tuwe waangalifu. Sababu kadhaa zimependekezwa, na wewe uliyefuata uzi huu unazo karibu zote mkononi: maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvukizo, hivyo yanayobaki ni machache, na mvukizo wenyewe huondoka na joto fichi, kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, maji ya moto huzunguka kwa nguvu zaidi ndani ya chombo, na maji mengine hushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda mpaka yapate kichocheo, hivyo mshindi hutegemea bahati ya punje ya vumbi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walijaribu kwa uangalifu na hawakupata ushahidi wa athari hiyo kwenye maji, tena walionyesha kwamba kukihamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwenda juu au chini kunaweza kumfanya mtu adhani ameiona. Wengine wameiona katika mifumo isiyo ya maji. Kwa hiyo swali la Mpemba bado linafanyiwa kazi, na hali hiyo inalipa heshima kubwa kuliko kama lingekuwa limejibiwa kwa sentensi moja.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, tumia vikombe viwili vya aina moja vya chuma, upime maji kwa mizani kabla na baada ili ujue ni kiasi gani kimetoweka kwa mvukizo, na uamue mapema kama kuganda kwako kunamaanisha barafu ya kwanza juu au kikombe kizima. Jambo ambalo wengi hulisahau ni barafu iliyotanda kwenye sakafu ya friza. Kikombe cha moto huiyeyusha na kukaa moja kwa moja juu ya bati, kisha kinapoteza joto upesi kuliko jirani yake aliyekalia barafu isiyopitisha joto vizuri, na hapo utakuwa umelinganisha sakafu mbili tofauti, si maji mawili. Safisha friza kwanza, au weka chini ya kila kikombe kipande cha ubao, vipande viwili vilivyokatwa kutoka mbao moja.